Kitabu Kilichosomwa Tena

Yuko mtu mmoja apendaye kukirudia kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, alichokitunga James Mbotela na kilichopigwa chapa mwaka 1934. Alikisoma kwanza ujanani, alipokwenda Mombasa kwa gari la moshi kupumzika. Kila ukurasa humkumbusha upepo wa bahari, minazi ya Kisauni, na kengele ya Freretown, mji ulioanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875 uwe makao ya watumwa waliokombolewa.

Lakini umri ukizidi, kitabu kile kile humwambia neno jingine. Yeye aliifikia pwani ile kwa hiari yake, na tikiti ya kurudi mfukoni. Watu wa kitabuni, na baba yake mtunzi akiwa mmoja wao, walitekwa, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa baharini. Na wengi wao hawakuyaona tena makwao. Hata kengele ile iliyompendeza ilipigwa zamani kuwaonya watu kwamba wawinda watumwa wanakuja.

Kujua hayo hakukuiondoa furaha ya safari yake, bali kumeitia heshima. Yafaa basi kukirudia kitabu tukipendacho, maana maandishi hayabadiliki, ila macho ya msomaji hukua.