Pumzi ya Filimbi

Nilipokuwa mwanafunzi karibu na Kariandusi, tulikuwa wanne tuliopuliza rekoda. Rekoda ni filimbi ishikwayo wima. Kadiri inavyozidi urefu, ndivyo sauti yake inavyozidi kushuka. Mimi nilipewa fupi, wenzangu wawili za kati, na mdogo wetu kwa umri alikumbatia ndefu yenye sauti nzito. Filimbi zote nne zilikuwa mali ya mwalimu wetu.

Mwalimu alitusimulia kuwa chombo hiki kiliwahi kusahauliwa. Mwaka 1721 Bach alimtunukia mwana wa ukoo wa watawala wa Brandenburg tungo sita, na katika mbili kati yake mna sauti ya rekoda. Baadaye filimbi ya kushikwa kwa ubavu, yenye nguvu zaidi, iliishinda. Mwaka 1919, huko Uingereza, Arnold Dolmetsch aliiunda upya. Na mwaka 1966 Luciano Berio akaitungia muziki wa kisasa.

Siku moja wimbo wetu ulikataa kupatana. Sauti zilikwaruzana kama kisu na bati. Nilimgeukia mdogo wetu, nikamwambia mbele ya wote kuwa yeye ndiye mharibifu. Hakujibu neno. Aliilaza filimbi mezani taratibu, akaenda zake.

Mwalimu aliichukua ile filimbi, akaniamuru tupulize sote wawili. Ukwaruzo ulibaki vilevile. "Mwanangu," alisema, "punguza pumzi." Nilipunguza, na sauti mbili zikawa moja. Kumbe rekoda ikipulizwa kwa nguvu sauti yake hupanda! Nilitaka nisikike kuliko wenzangu, nikapotea njia, kisha nikamtwisha mwingine kosa langu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni nilishika njia ya kwao. Nilipita pale ambapo Louis Leakey aligundua mashoka ya mawe ya watu wa kale mwaka 1928. Baadhi yake ni ya jiwe jeusi ling'aalo kama chupa. Jiwe hilo huchongwa kwa mapigo mengi yaliyopimwa. Pigo moja la pupa hulipasua. Niliona haya, kwa maana fundi wa zama zile aliujua mkono wake kuliko nilivyoijua pumzi yangu.

Nilimkuta akichanja kuni. Nilisema, "Ndugu yangu, kosa lilikuwa langu. Nisamehe." Aliendelea kuchanja kwa muda mrefu. Mwishowe aliuliza, "Utayasema hayo mbele ya wale waliosikia?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko safari yangu. Kuomba radhi kwa siri ni rahisi; aibu niliyompa ilikuwa ya hadharani. Kesho yake nilisimama mbele ya wenzetu, nikayasema yote. Naye akaichukua filimbi yake.

Siku hiyo nilipuliza kwa upole, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake nzito chini ya sauti yangu, imeibeba kama ardhi ibebavyo nyumba. Ilikuwapo siku zote; ila mimi sikuiachia nafasi.