Tone Moja la Bureti

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa kidato cha nne tunaosoma kemia, na tumekubaliana tuandike juu ya titresheni. Tunajua wengine mtasema, aah, hayo si mambo ya darasani? Ngojeni kwanza. Kwenye KCSE, karatasi ya tatu ya kemia ni praktikali, na mara nyingi swali la kwanza ni titresheni. Ukizikosa alama zile, umezikosa, hata kama kitabu umekimaliza mara tatu. Hapa Kakuma wengi wetu tunataka uuguzi, ufamasia, kazi ya maabara. Skolashipu kama DAFI hazikupi nafasi kwa sababu tu safari yako ilikuwa ndefu. Zinaangalia na matokeo.

Kwa ambao hawajaifanya, ni hivi. Una asidi usiyojua nguvu yake, na una besi unayoijua. Besi unaipima kwa pipeti, sentimita za ujazo 25.0 kamili, unaitia kwenye flaski. Unaongeza matone mawili ya fenoliftalini, inageuka pinki. Asidi iko juu kwenye bureti. Unafungua koki polepole, mkono mwingine unatikisa flaski. Pinki inaanza kufifia, inarudi, inafifia tena, halafu tone moja tu linaifuta kabisa. Hapo hapo unafunga. Unasoma bureti, jicho likiwa usawa wa maji, unachukua sehemu ya chini ya ule mstari uliopinda.

Tone moja ni kama 0.05 ya sentimita ya ujazo. Ni kidogo sana, lakini tazameni kazi yake. Kwa hidrokloriki na sodiamu haidroksaidi zenye nguvu ya moli 0.1 kwa lita, tone moja kabla ya kufika, pH iko karibu 10. Tone moja baada ya kupita, iko karibu 4. Ndiyo maana rangi inaruka ghafla, na ndiyo maana anayefungua koki kwa haraka hupita bila kujua. Hesabu yenyewe si ngumu. Kama besi ilikuwa 0.1, na asidi iliyotumika ni 24.0, unasema 25.0 mara 0.1, gawanya kwa 24.0, unapata 0.104. Basi.

Shida yetu haikuwa hesabu. Shida ni kwamba darasa ni kubwa na bureti ni mbili, na moja koki yake inavuja. Unaweza kufika kidato cha nne umeiona bureti kwa macho tu, mwalimu akiwa ameishika mbele. Kwa hiyo tulimwomba mwalimu wetu atufungulie maabara Jumamosi, tukagawana vikundi vya watu wanne. Mmoja koki, mmoja flaski, mmoja kusoma, mmoja kuandika, halafu mnabadilishana.

Waliosoma Kongo na Burundi ndio walioanza kucheka, kwa sababu bureti na pipeti ni maneno ya Kifaransa. Hayo walikuwa wanayajua kutoka nyumbani. Kimombo kiliwasumbua kwenye maswali, si kwenye vyombo. Tukaanza kuelezana kwa Kiswahili kwanza, halafu kila mtu anaandika jibu kwa Kiingereza cha mtihani. Mpaka leo tunafanya hivyo.

Jumamosi moja kikundi kimoja kilipata 24.2, kikapata 24.3, halafu mara ya tatu kikapata 23.4. Mchanganyiko ulikuwa unakaribia kuisha. Mmoja akasema, si tuandike tu 24.2, nani atajua? Hiyo sisi wanafunzi tunaita kupika majibu, na kila shule inaijua. Palikuwa na ubishi hapo! Kuna aliyesema mtihani ni alama, si dini. Dada mmoja ambaye anataka uuguzi akajibu kwamba yeye hataki kuzoea kupika namba, kwa sababu kesho namba hiyo itakuwa dawa ya mtoto wa mtu. Wote walinyamaza kidogo. Mwishowe walirudia na kile kilichobaki. Wakaikuta sababu: juu ya koki palikuwa na kiputo cha hewa. Wakakitoa, wakapata 24.2 ya kweli.

Halafu kuna jambo ambalo lilitufanya tuipende mada hii. Mmewaona wale watu wa maji wanaokuja bombani na kiboksi kidogo cha plastiki chenye vyumba viwili? Chumba kimoja wanatia kidonge, maji yanakuwa pinki, hiyo ni klorini. Kingine wanatia kidonge cha fenoli nyekundu. Hicho ni kiashiria cha asidi na besi, ndugu yake fenoliftalini! Kwenye asidi ni cha njano, kwenye besi ni chekundu. Wanapima pH kwa sababu klorini ikiwa kwenye maji yenye pH ya juu ya 8 inaua vijidudu polepole. Na klorini inayobaki bombani inatakiwa iwe angalau miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kumbe kemia ilikuwa inatusubiri kwenye foleni ya madumu.

Kama shuleni kwenu hakuna kiashiria, chemsheni maua makavu ya karkadee, yale ambayo wenzetu wa Sudan wanatengeneza chai. Ukitia limau inabaki nyekundu kali. Ukitia maji ya majivu yaliyochujwa inaelekea kijani. Hiyo haitakupa namba ya mtihani, lakini utaelewa mambo yanavyokwenda. Angalizo moja tu, na hili si mchezo: dawa ya klorini ya kufulia msiichanganye kamwe na siki, limau wala asidi ya kusafishia choo. Inatoa gesi inayoumiza mapafu, na kwenye nyumba zetu ndogo zisizo na madirisha inaweza kuua.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: tunashukuru kwa madaftari na sare, kweli. Ila kabla ya kununua tena, muulizeni mwalimu wa sayansi maabara inakosa nini. Bureti ikitunzwa inakaa miaka, na wanafunzi wengi wanapita mikononi mwake.

Kwa wenzetu wa kidato cha tatu: msingoje muhula wa mwisho. Suuzeni bureti kwa asidi ile ile mtakayotumia, si kwa maji peke yake. Toeni hewa kwenye koki. Andikeni kila namba kama mlivyoiona, na desimali yake. Siki ni asidi dhaifu, kwa hiyo ukiwa na besi kali tumia fenoliftalini, si methili oranji, kwa sababu methili oranji inabadilika mahali pasipofaa.

Jumamosi hii tuko maabara saa tatu asubuhi. Anayetaka kushika koki aje mapema, bureti nzima bado ni moja.