Kabla ya Kumpakia Mtoto



Katika miji yetu ya pwani, pikipiki imekuwa chombo cha nyumba nzima. Ndiyo impelekayo baba kazini, mama sokoni na watoto chuoni. Yetu ni Honda CG125 aliyotuachia marehemu mzee wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Injini yake ingali madhubuti, na uzima huo waweza kumghuri mtu asitazame breki na matairi.

Mwezi uliopita tairi la nyuma lilikuwa kipara katikati. La mbele lilikuwa na meno bado, lakini ubavuni lina nyufa. Hapo ubavuni huandikwa tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. Letu lilisomeka 1412, yaani juma la 14 la mwaka 2012. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata usipotumika sana, na jua letu huharakisha jambo hilo.

"Ami," fundi akaniambia, "nina mawili ya mtumba, nusu ya bei." Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya nguo za Idi za watoto. Nikarudi nyumbani kushauriana na mama watoto. Akasema, "Bwana, nguo za mwaka jana nitazishusha upindo. Hao unaotaka kuwavisha ndio unaowapakia."

Tukanunua mapya, pamoja na mipira ya ndani. Gurudumu lilipovuliwa, viatu vya breki, vile vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo vikaavyo ndani ya ngoma, vilionekana vimelika. Fundi akatia vipya. Vumbi lake hakulipuliza, maana ladhuru mapafu. Alilifuta kwa kitambaa kilicholowa. Akapaka grisi kidogo kwenye mhimili unaovitanua viatu, akichunga isiviguse vyenyewe, kwani breki iliyoingia mafuta haishiki. Waya wa breki ya mbele, ulioliwa na kutu ya hewa ya chumvi, akaubadili. Matairi akayafunga kwa kufuata mshale uonyeshao upande wa kuzunguka, kisha akaniusia niende taratibu siku za mwanzo, kwa kuwa tairi jipya huteleza.

Wavukao Likoni waujua mteremko wa kushukia feri, chini pamelowa maji ya bahari na watu wamejaa mbele. Sasa nikishuka pale na mwanangu amenishika kiunoni, naikanyaga breki nayo yaitika.

Ajali ikitokea, twasema ni kadari, na ni kweli kila jambo li mikononi mwa Mola. Lakini mtu alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kamba na kutawakali, alielekezwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Mtoto aliyeketi nyuma yetu ni amana, naye hajui kukagua tairi wala breki. Kazi hiyo ni yetu.

Basi kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, tuchukue dakika tano. Tutazame meno na mbavu za matairi, tupime upepo yakiwa baridi, tukanyage breki pikipiki ikienda polepole. Ikiwa kanyagio lashuka mno, tumwone fundi kabla ya kumpakia mtu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.