Kabla upandishe kambwa kako, uliza bei ya upasuaji

Kila wiki naona mtu ameweka kwa statasi: "Chihuahua dume yuko, leta jike, tutagawana watoto." Poa. Lakini sijaona anayesema pesa ya upasuaji itatoka kwa nani.

Hii imani ya "mbwa hujizalia tu" tumeitoa ushago. Mbwa wa kienyeji anaingia chini ya ghala jioni, asubuhi unapata watoto sita wananyonya. Chihuahua si huyo. Watu wamemchagua miaka na miaka awe mdogo, kichwa kiwe cha mviringo. Nyonga ni nyembamba, kichwa cha mtoto ni kikubwa. Halafu mara nyingi tumboni wako wachache. Akiwa mmoja, anakua mkubwa, na siku ya kutoka anakwama.

Kwa hivyo fanya hesabu. Mimba ni karibu siku 63. Ikipita siku ya 55, mpeleke apigwe eksirei, daktari ahesabu vichwa na aangalie kama vitapita. Siku za mwisho mpime joto. Likishuka chini ya 37.2, uchungu kwa kawaida unaanza ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna mtoto, au majimaji ya kijani yatoke kabla ya mtoto wa kwanza, hiyo ni safari ya daktari saa hiyo hiyo. Usianze kuuliza kwa gurupu ya WhatsApp.

Na sindano ya kuongeza uchungu usikubali kabla hajapimwa. Jirani yetu aliitia jike wake mtu wa agroveti, akamdunga hapo nyumbani. Mtoto alikuwa amekwama. Walipofika kwa daktari, mfuko wa uzazi ulikuwa umeshapasuka. Mama na mtoto wote walikufa.

Najua mtasema napiga vita hasla ya vijana. Hapana, mimi pia niko kwa hii hasla. Lakini kama faida yako inategemea mbwa asipate shida, hiyo si biashara. Ni kamari, na anayewekwa mezani si wewe.

Leo piga simu kwa daktari wa mifugo, uliza upasuaji wa saa nane usiku ni ngapi. Kama hiyo pesa huna, jike wako akae tu hivyo.