Siku Mbili

Ilianza kwa mdogo wangu kuniita kwa jina la marehemu mama. Nikacheka. Tulikuwa tumekaa nje nyumbani Galu, ng'ambo ile ya barabara isiyo na hoteli, nikadhani ananitania. Usiku akashikwa na homa. Asubuhi alikuwa anazungumza na mbuyu.

Mtu wa Pwani hahitaji kusimuliwa kilichofuata. Kufika adhuhuri shangazi alishaamua ni pepo wa bahari, maana kijana kazi yake ni kutembeza watalii mwambani maji yakipwa. Kombe likaandikwa, ubani ukafukizwa. Simlaumu shangazi. Mimi mwenye shahada ndiye niliyeingia Google, nikanunua dawa ya malaria bila hata kipimo. Siku mbili zikaenda hivyo. Ya tatu akaanguka kifafa.

Malaria hawakuona. Tukavuka Likoni, akatolewa maji ya uti wa mgongo, na daktari akatamka neno ambalo sikuwahi kulisikia: ensefalitisi. Ubongo wenyewe umefura. Kwake yeye ilikuwa virusi vya herpesi, vilevile vinavyotoa vidonda vya midomo. Dawa ipo, aciclovir, inapitishwa kwenye mshipa, na inataka haraka. Bila hiyo, kama watu 7 kati ya 10 hufa.

Yeye yu hai. Kila shimo la pweza analokumbuka tangu utotoni bado analijua, lakini ataniuliza mara tatu kama tumeshakula. Zile siku mbili nazihesabu mpaka leo.

Tarehe 22 Februari ni siku ya ugonjwa huu duniani, tangu 2014, na watu huvaa nyekundu. Basi nikavaa shati jekundu mpaka steji ya Ukunda. Jamaa wa boda akaniuliza, "Bro, Valentine si ilishapita?" Nikamweleza: homa, kichwa, mtu kuchanganyikiwa ghafla au kubadilika tabia, kifafa, usingoje. Nikaongeza kwamba hata kichaa cha mbwa ni ubongo kufura hivyohivyo, ila hicho dalili zikianza, hakuna dawa ya kumrudisha mtu. Chanjo ni kabla.

Akanyamaza. Kisha akapandisha suruali, akanionyesha muundi. Mbwa wa ufuoni, juzi. Alikuwa amepaka mafuta ya taa.

"Ulichomwa sindano?"

"Ilikuwa kidogo tu, bro."

Nikapanda nyuma. "Twende hospitali. Nauli ya kwenda na kurudi juu yangu."