Mtungi wa Manjano: Tafakuri juu ya Nafsi na Ubinafsi katika Sanaa

Lugha ya Kiswahili haikumtendea wema msanii anayeishughulikia nafsi yake. Neno lililo karibu zaidi la kuitaja shughuli hiyo ni 'ubinafsi', na neno hilo, kabla hata halijamfikia msomaji, limekwisha kumhukumu mtu. Mbinafsi ni mchoyo. Katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mbinafsi alihesabiwa kuwa kikwazo cha ujenzi wa jamii mpya, na baadhi ya wahakiki waliichukua lawama hiyo wakaiingiza katika tahakiki zao. Euphrase Kezilahabi alipoitoa riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974, wapo waliomwona kuwa ameipa jamii kisogo na kujifungia chumbani na udhanaishi wake. Sisi wa Kenya hatukuwa na Azimio, lakini tulikuwa na mtihani. Mwanafunzi wa shule ya upili wa miaka ya 1990, nami nilikuwa mmoja wao, alifundishwa kukiendea kila kitabu kwa swali moja: mwandishi anatufunza nini? Kitabu kisichofunza kilikuwa hakina alama.

Nimelirudia suala hili kwa sababu ya picha tisa za rangi za akriliki, zilizochorwa Matinyani, katika Kitui Magharibi, na binti wa dada yangu. Jina lake silitaji, kwa ombi lake. Ana umri wa miaka 24, hakusomea sanaa katika chuo chochote, na huchora juu ya vipande vya plaiwudi anavyovinunua kwa mafundi seremala mjini Kitui. Wasomaji wa jarida hili wataniwia radhi kwa kuleta picha katika uwanja wa fasihi. Udhuru wangu ni kwamba swali aliloniuliza linatuhusu sisi zaidi ya linavyowahusu wachoraji.

Kwanza niseme machache kuhusu rangi yenyewe, kwa kuwa ina sehemu yake katika habari hii. Rangi ya akriliki ni chembe za rangi zilizochanganywa na maji na aina ya plastiki. Maji yanapokauka, plastiki hushikana ikawa utando ambao hauyeyuki tena kwa maji. Akriliki ya maji ilianza kuuzwa kwa wachoraji katika miaka ya 1950, ilhali rangi ya mafuta ina karne kadhaa. Rangi ya mafuta humpa mchoraji siku nyingi za kubadili nia yake. Akriliki humpa dakika, na katika jua la Matinyani la mwezi wa Septemba hata dakika hizo hupunguzwa. Hivyo mpwa wangu huchora alfajiri, au jioni jua likishazama nyuma ya miti, na kando yake huwa na chupa ya kunyunyizia maji ili rangi isigandie kwenye sinia.

"Mjomba, rangi hii hainingoji," aliniambia. "Nikisita, imekwisha. Lakini nikikosea sifuti, napaka juu yake. Yale ya kwanza yote yako hapo chini."

Maji hayo ya kunyunyizia huyapima kwa kikombe. Msimu wa kiangazi watu wa kwetu huchimba mchanga wa mto ili kupata maji, na yanayofika nyumbani yana wenyewe: chungu, mbuzi, mtoto wa kuogeshwa. Yaliyosafishia burashi hayamwagiwi mboga, kwa sababu ya ile plastiki. Huachwa yatuame, mashapo yakakauka na kufukiwa. Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyezoea kazi za mwethya, yaani kazi za pamoja za kulima na kujenga matuta ya shamba, alimwuliza picha hizo zinamsaidia nani. Aliuliza bila ubaya wowote. Ni swali letu la mtihani, ila limevaa kanga.

Sasa picha. Saba kati yake zinaonyesha ua mmoja: ardhi nyekundu iliyofagiliwa, kuku, pembe ya jiko, miguu ya mtu apitaye ambaye kiwiliwili chake hakimo. Mbili zilizobaki zina mtungi mmoja wa plastiki wa manjano, wa lita 20, ule ambao kila nyumba ya Kenya inaujua. Huja mara ya kwanza na mafuta ya kupikia, kisha hubaki ukawa wa maji. Mtungi huu haupo kisimani, wala haupo mgongoni mwa mwanamke, wala juu ya punda. Umelazwa ubavu katikati ya ua, na ubavu ulio juu umebonyea.

Kubonyea huko nakujua. Mama yangu mzazi, aliyefariki mwaka 2019, aliukalia mtungi huo kila alipowasuka wajukuu wake nywele. Kigoda alikuwa nacho, lakini kilikuwa kifupi mno kwa magoti yake. Aliutia mtungi maji nusu ili usibingirike, akaukaza kifuniko, akaulaza, akautandika leso iliyokunjwa, kisha mtoto akaketi chini baina ya miguu yake. Mara nyingine, akimsubiri mtoto aje, alikuwa akisokota nyuzi za makonge pajani kwa ajili ya kiondo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichomo katika picha. Bibi hayumo. Leso haimo. Upo mtungi, na bonde dogo la kivuli ambalo mpwa wangu amelijenga kwa tabaka nyingi za manjano, kahawia na zambarau iliyochujuka.

Hapa ndipo mhakiki anapobanwa. Mimi ninazisoma picha hizi kwa sababu ni mwana wa yule bibi, wala shahada yangu haina mchango katika usomaji huo. Ikiwa maana ya kazi ya sanaa inahitaji undugu ili ifunguke, basi waliosema kwamba kazi za nafsi hazina haja na hadhira watakuwa wamesema kweli, na wenye msimamo wa 'funzo' watakuwa wameshinda.

Sidhani kuwa wameshinda, na ushahidi wangu uko katika fani. Mstari wa upeo katika zile picha saba haulali sawa. Katika nne umeinamia kushoto, na katika tatu umeinamia kulia. Fauka ya hayo, jicho linaloutazama ua liko chini sana, kimo cha mtoto aliyeketi. Kuku mmoja ana ukubwa wa mlango. Mtu asiyeijua familia yetu anaweza kudhani kwamba mchoraji hajui kupima. Lakini hakuna picha iliyoinama kwa kubahatisha. Aliyewahi kusukwa anajua: kichwa huvutwa, huegemezwa gotini, na dunia nzima hulala upande hadi tuta moja limalizike, kisha hugeuzwa upande wa pili. Dada yangu alipozipitia picha hizi moja baada ya nyingine, niliona kichwa chake kikiinama pamoja nazo, na hakuna aliyemwambia. Wanawake wawili wageni, wenzangu wa idara, walipoonyeshwa nakala walifanya vivyo hivyo. Mmoja alicheka akajishika kisogo. Hawakumjua mama yangu. Walichokijua ni namna kichwa kinavyoshikwa.

Basi waandalizi wa maonyesho fulani jijini Nairobi waliziona picha zote tisa. Wakaziacha saba, wakazichagua zile mbili za mtungi. Wakamwomba mpwa wangu aandike maelezo ya maneno mia moja kuhusu ukame na maisha ya wanawake wa Ukambani. Nataka kuwatendea haki: ombi hilo halikuwa la kipumbavu. Mtungi uliolala, kwa mtazamaji asiye na habari, ni mtungi mtupu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilipungua au kukosekana katika sehemu kubwa ya maeneo makavu ya Kenya, na Kitui ilikuwamo. Watu walipoteza mifugo. Mchoraji wa Matinyani anapoweka mtungi mbele yetu, nani atakayelaumiwa kwa kuisikia kiu?

Alinijia na barua ile. "Mjomba, wewe ndiwe daktari wa maneno. Nikiandika ukame nitakuwa nimesema uongo?"

Nilimjibu kuwa si uongo. Ukame ulikuwapo, na yeye mwenyewe alitembea kwenda mtoni kama wengine. Wala sikutaka kuzipuuza fedha, maana rangi za akriliki zina bei na hana ajira nyingine. Lakini ukame ungekuwa kweli ambayo ingemwondoa bibi juu ya mtungi wake, akakaa hapo mwanamke wa Ukambani, yule wa ripoti, asiye na magoti yanayouma.

Hili limekwisha kuwapata wengine wakubwa zaidi. Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki 2021, alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule kwa miongo mingi, na uzeeni akaanza kutunga picha kwa vipande vya karatasi za sabuni na unga, kwa kuwa rangi zilimshinda bei. Aghalabu husimuliwa kwanza kwa karatasi zile, kama kwamba umaskini ndio uliokuwa ukikata na kubandika. Wanyama na watu aliowatunga, ambao wana utulivu wa pekee, hutajwa baadaye. Sane Wadu naye, aliyezaliwa mwaka 1954 akiitwa Walter Njuguna Mbugua, aliuacha ualimu ili achore. Walipomwona kuwa ni mwendawazimu alijipa jina lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Naliona jina hilo kuwa tahakiki fupi kuliko zote zilizowahi kuandikwa nchini Kenya. Mwaka 2022, maonyesho makubwa ya kazi zake za miaka mingi yalifanyika katika taasisi ya sanaa iliyoasisiwa Nairobi na mchoraji Michael Armitage, na waliohudhuria waliweza kuona jinsi mtu anavyoweza kujichora kwa miongo kadhaa bila kuisha.

Tukirudi katika fasihi yetu, nafsi si mgeni ndani yake. Mwana Kupona aliutunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa ushairi na kuwaandikia wanawe tenzi. Hizi ni kazi za ndani kabisa, na hakuna aliyeziita za kibinafsi kwa maana ya lawama. Nadhani sababu ni kwamba kila moja ina mtu anayesemeshwa. Nafsineni ameingia akiwa amemshika mkono nafsinenewa, nasi wasomaji tumeruhusiwa kusimama mlangoni na kusikiliza. Kezilahabi alithubutu kumwondoa yule wa pili, na ndipo vurugu ilipoanza. Aliyebaki akizungumza chumbani peke yake alionekana hana adabu.

Nilimwuliza mpwa wangu anamsemesha nani. Nilitaraji aseme bibi.

"Simwambii mtu, Mjomba. Nakaa tu pale nilipokuwa nimekaa."

Jibu hilo limenisumbua kuliko vitabu kadhaa vya nadharia. Linakataa kwamba picha ni ujumbe, hata ujumbe kwa marehemu. Linasema kwamba picha ni mahali. Na mahali, tofauti na ujumbe, panaweza kukaliwa na mtu mwingine bila kuibiwa mwenyewe: ndivyo wale wenzangu wawili walivyoketi pale kwa muda mfupi, vichwa vimeinama. Kwa hiyo napendekeza tuache kuzitia kazi za namna hii katika kapu la ubinafsi. Tunahitaji neno jingine. Mimi katika mihadhara yangu nimekuwa nikitumia 'unafsi', ingawa mwenzangu mmoja wa isimu analalamika kwamba linasikika kama kosa la chapa. Akipata lililo bora nitalipokea. Neno lolote litakalochaguliwa lisimhukumu mtu kabla ya kusomwa, na lisimlazimishe aliyekaa uani kusimama na kuhutubia.

Kuhusu maelezo, alikataa nimwandikie. Aliandika mwenyewe sentensi moja: Bibi yangu aliukalia mtungi huu akinisuka. Waandalizi walimshukuru kwa upole, wakamwuliza kama angeweza kuongeza kidogo kuhusu maji. Akaongeza: Ulikuwa na maji nusu. Picha zote mbili zilitundikwa na maneno hayo chini yake. Moja ilinunuliwa, nyingine ilirudi Matinyani pamoja na wenzake saba ambao hawakwenda. Fedha zilinunua plaiwudi na rangi nyeupe, ambayo ndiyo huisha kabla ya nyingine zote.