Namba Inayoanza na Tisa

Katika Toronto ya miaka ya 1990, mtu anayeishi kwa kibali cha muda alijulikana benki kabla hajafungua mdomo. Kila mfanyakazi Kanada hupewa namba ya bima ya jamii yenye tarakimu tisa, na za wageni wa muda huanza na 9. Ofisa mikopo alipoiona tu, kalamu ilisimama. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanga, kibali changu kikihuishwa mara kwa mara. Majirani zangu wengi pale Dixon Road walikuwa wakimbizi kutoka Somalia. Kisheria hatukuwa sawa hata kidogo, ila benki ilitutia kapu moja.

Nayaandika haya kwa sababu leo vijana wetu wanashuka uwanja wa ndege wa Pearson, wanafungua akaunti na kupewa kadi ya mkopo wiki hiyohiyo, kisha nawasikia wakisema wazee waliotangulia hawakuwa na akili ya pesa. Si kweli. Akili walikuwa nayo, na nidhamu ya kulipa nimeiona kwao kuliko mahali popote nilipopata kuishi.

Dixon ni kundi la maghorofa marefu upande wa Etobicoke, karibu na uwanja wa ndege. Serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka Januari 1991, familia zilizokimbia vita zilijaa pale hadi watu wakapaita Mogadishu Ndogo. Baadhi yao walikuwa Wabarawa, ambao lugha yao na Kiswahili ni ndugu wa damu, na hao ndio walionizoea. Nilikuwa nikiwasindikiza ofisini kuwasemea Kiingereza.

Mama mmoja wa Kibarawa, mjane mwenye watoto wanne, alitaka mkopo wa dola 2,000 anunue cherehani ya umeme na mashine ya kudarizi. Wateja alikuwa nao tayari, wa mapazia na wa nguo za harusi. Tulipokaa mbele ya ofisa, akatoa mkobani daftari la shule lenye jalada la bluu. Ndani yake mistari ilikuwa imepigwa kwa rula: majina upande wa kushoto, miezi juu, na kila aliyetoa pesa yake amewekewa alama kwa kalamu nyekundu. Lilikuwa daftari la upatu. Wanawake kumi na wawili, dola 200 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anaondoka na dola 2,400. Hapakuwa na kisanduku hata kimoja kilicho wazi.

Ofisa alikuwa kijana mpole. Akaniambia nimweleze kwamba hana historia.

"Historia gani anayoitaka, mwanangu?" mama akaniuliza. "Mwambie mimi ndiye ninayeshika pesa za watu."

Nikasema. Yule kijana akatabasamu kwa adabu, daftari hakuligusa. Akauliza kama yupo mdhamini aliye raia au mkazi wa kudumu. Hakuwapo. Tukatoka.

Ilinichukua muda kuelewa mashine ile inavyofanya kazi. Kampuni kama Equifax hutunza faili la kila mkopaji: alikopa wapi, alilipa lini, alichelewa mara ngapi. Kutokana na faili hilo hupatikana alama kati ya 300 na 900. Kodi ya nyumba uliyolipa bila kukosa kwa kawaida haikuwamo, wala upatu, wala deni la duka ulilolimaliza Mombasa au Kismayu. Asiyewahi kukopeshwa na benki hakuwa na faili, na asiye na faili hakukopeshwa na benki. Juu ya hapo ilikuwapo tarehe. Kibali kikiisha baada ya miezi minane, nani atakupa mkopo wa miaka mitatu?

Mlango mmoja ulikuwapo, mwembamba. Unaweka dola 500 za amana, unapewa kadi yenye kikomo cha dola 500. Kwa maneno mengine unakopeshwa pesa yako mwenyewe, lakini malipo yako yanaripotiwa na faili linaanza kuandikwa. Nilipoichukua yangu, majirani walikuja kuuliza habari ya riba, na swali lilikuwa zito kwao. Nikawaonyesha karatasi: ukilipa deni lote ndani ya siku 21 baada ya taarifa ya mwezi kutoka, hudaiwi riba hata senti kwenye manunuzi. Mwalimu wa chuo aliyesomesha watoto Kurani ghorofa ya chini aliisoma mara mbili, akasema anayejiweza kulipa kwa wakati achukue, asiyejiweza aiache. Wengi waliiacha. Dola 500 za kufungia benki zilikuwa chakula cha nyumba.

Mama alinunua cherehani kwa zamu yake ya upatu. Wenzake walimtanguliza bila ubishi. Mashine ya kudarizi hakuipata kwa miaka mingi.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba ukaaji ule wa muda haukuwa wa muda. Majirani zangu walikuwa wamekwisha kukubaliwa kuwa wakimbizi. Sheria iliyoanza kutumika Februari 1993 ikadai pasi au hati ya utambulisho kabla ya kupewa ukazi wa kudumu. Hati hiyo ingetolewa na nani, wakati Mogadishu haikuwa na serikali? Januari 1997 likaundwa kundi maalumu kwa Wasomali na Waafghani wasio na hati: wasubiri miaka mitano. Mwaka 1999 ikapunguzwa kuwa mitatu. Na tangu 1995 kila mtu mzima alitozwa dola 975 za haki ya ukazi, mbali na 500 za maombi na 100 kwa kila mtoto. Baba, mama na watoto wanne walihitaji dola 3,350, na walizihitaji wakati ambapo hakuna benki ya kuwakopesha. Ile 975 iliondolewa kwa wakimbizi mwaka 2000. Sheria mpya ya 2002 ndiyo iliyokuja kukubali viapo badala ya hati.

Ukisikia "miaka mitano" unaweza kudhani ni kusubiri tu. Mtoto wa kwanza wa yule mama alimaliza sekondari na kupata nafasi ya uhandisi chuo kikuu. Barua yake niliishika mkononi. Mikopo ya wanafunzi ilikuwa ya raia na wakazi wa kudumu, na upatu wa dola 2,400 haukutosha ada ya mwaka na nauli na vitabu, na wadogo zake nyuma. Akaomba chuo kimwahirishie mwaka mmoja, kisha akaingia kwenye teksi za uwanja wa ndege akisubiri karatasi, na gari akalichukua kwa muuzaji aliyemtoza riba ambayo mwenye faili asingekubali kuisikia.

Mwaka 2003 mikopo ya wanafunzi ya serikali ya shirikisho ilifunguliwa kwa wakimbizi waliokubaliwa. Nilimpigia simu siku niliposikia. Alikuwa na mke na watoto wawili, na deni la gari lilikuwa bado halijaisha. Akanishukuru, akaniuliza kama mkopo huo mdogo wake anaweza kuuomba, na fomu zinachukuliwa wapi.